Lugha ya kubuni ya maneno mafupi kabisa: naweza kufupisha mpaka wapi?

Kijana_wa_Wete

Assalam alaykum jamani. Nna suali na nimelihangaikia muda, naomba mnivumilie mana litakuwa refu kidogo.

Mie na mtoto wa ami yangu tumebuni lugha yetu wenyewe, tumeiita Kifupi. Ilianza hivi, yeye ni mvuvi na msimu wa dago, yaani kambi ya wavuvi, anahamia kule Makangale kaskazini ya Pemba na wenziwe, mie nabaki Wete nashughulika na barafu na wanunuzi wa samaki. Kule walipo netiweki inakuja na kuondoka, mara nyingi unapata nusu dakika tu ya kusema kabla simu haijakatika. Sasa tukasema kwa nini tuseme maneno marefu, tutunge lugha ambayo kila silabi moja ni neno zima. Nikakaa na daftari nikaandika konsonanti zote za Kiswahili, ukihesabu ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th nilipata 26, nikazipa irabu tano, zikatoka silabi 130, nikaongeza a e i o u zikisimama peke yake, jumla 135. Nikagawa maana moja moja kwa mpangilio. Maneno yanayopingana niliyaweka jirani ili yasinipotee kichwani, kwa mfano *pa* ni lete na *ba* ni usilete.

Mwanzoni wallahi nilifurahi sana. Habari iliyokuwa inachukua silabi arubaini tukaisema kwa silabi tisa. Lakini wiki tatu zilizopita kanipigia jioni kasema *ba* na mie nikasikia *pa*, nikapakia magunia mawili ya barafu kwenye gari ya abiria, kumbe siku hio walirudi watupu hawana hata samaki mmoja. Barafu imeyeyuka na pesa imekwenda, na wenziwe wakamuuliza mie nina akili gani.

Na kitu cha pili ambacho sikukitarajia, tukisema Kifupi tunasema polepole. Silabi tisa zinatuchukua muda karibu sawa na maneno ya kawaida mana kila moja unaifikiria kabla hujaitoa.

Suali langu, je nimekosea wapi? Nataka lugha fupi kwelikweli, sitaki kuiacha. Kuna njia ya kuifupisha isivunjike?

---

Fundi_Bububu

Wa alaykum salaam yakhe. Hujakosea wazo, umekosea mahisabu ya kelele. Mie kazi yangu ni mitandao kwa hio hili nalijua kwa upande wa mashine, ngoja nikwambie.

Mwaka 1948 Mmarekani mmoja Claude Shannon alionesha kwamba habari inaweza kupimwa kama unavopima mchele, kipimo chake kinaitwa biti. Biti moja ni jibu la suali la ndio au siyo. Silabi zako 135 kila moja inabeba biti 7 na kitu hivi, mana mbili ukiizidisha kwa nafsi yake mara saba inakuwa 128. Kwa hesabu hio Kifupi chako kimejaa pomoni, hakuna silabi hata moja isiyo na maana. Na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kama kila silabi ina maana yake, basi kila silabi ukiikosea inakupeleka kwenye maana nyengine iliyo sahihi kabisa, na wewe msikilizaji huna pa kugundua kwamba kuna kosa. Kwenye Kiswahili mtu akikwambia *nletee barapu* unajua kasema barafu, mana barapu haipo. Kwenye Kifupi kila kitu kipo.

Tizama lugha yetu inavofanya. *Kikapu changu kikubwa kimepotea.* Hio ki umeisikia mara ngapi? Kikapu, changu, kikubwa, kimepotea, mara nne unaambiwa tunazungumzia kitu cha ngeli ya ki-vi. Mtu wa mbio atasema huo ni upotevu wa pumzi. Lakini upepo ukikupotezea neno la mwanzo, ukasikia "...changu kikubwa kimepotea", bado unajua haikuwa mashua wala ndoo. Mie tangu nilipolielewa hili siku za chuo naziangalia ngeli kwa jicho jengine kabisa, zile tulizochapiwa skuli kwa kuzikosea. Wenzetu wa kompyuta walikuja kulitengenezea fani yake, Richard Hamming alitoa njia yake mwaka 1950, anaongeza biti chache za ziada kwenye ujumbe ili ikiharibika moja mashine ijue na ijisahihishe yenyewe.

Na kuhusu *pa* na *ba*, simu ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa ikipitisha sauti za baina ya hezi 300 na 3,400 tu, hezi ni mitetemo kwa sekunde. Ule upepo wa s na f uko juu ya hapo, unakatwa, ndo mana kwenye simu f na s zinafanana. P na b ndio kabisa, ni sauti moja ya midomo, tofauti yake ndogo sana. Kwa hio wewe umechukua maneno mawili ambayo kuyachanganya ni hasara kubwa kuliko yote ukayaweka kwenye sauti mbili ambazo kuzichanganya ni rahisi kuliko zote.

---

Kijana_wa_Wete

Subhanallah, hilo la ngeli sijawahi kulisikia. Mie kitu cha kwanza nilichokifuta kwenye Kifupi ni ngeli, nikajua hizi ni mapambo.

---

Baharia_mstaafu

Mimi si mtu wa mahisabu, nimefanya kazi ya chombo. Kwenye redio mtu akiwa hatarini husema Mayday mara tatu, kisha jina la chombo mara tatu, na hapo ndipo huna wakati hata kidogo, maji yameshaingia. Hakuna aliyeona ufupishe iwe mara moja.

Na kwenye jahazi neno la kupandisha tanga ni tweka na la kushusha ni tua, kukivuma kusi kali mtu aliye omoni, mbele ya chombo, na nahodha aliye tezi, nyuma, hawasikilizani vizuri, nahodha aliyenifunza mimi hakuwa akisema tua peke yake, akisema tua tangaaa na mkono anaushusha. Mkono ule ndio neno la pili. Jambo la hatari lisemwe kwa njia mbili.

---

Lugha_za_Kubuni

Nimefurahi kuona kuna mtu wa Pemba anafanya hivi, mie niko Mwanakwerekwe na nimekuwa nikifatilia lugha za kuundwa kwa miaka, nilidhani niko peke yangu visiwani.

Ndugu yangu ulichokibuni wengine wameshakifikiria kabla yako, na si aibu, ni dalili kwamba umefika mwenyewe pahala wengi walipofika. Mwandishi wa Kimarekani Robert Heinlein mwaka 1949 alieleza kwenye hadithi yake lugha aliyoiita Speedtalk, kila sauti moja peke yake ni neno zima, wala si silabi, sauti! Alichukua yale maneno 850 ya Kiingereza cha msingi ya C. K. Ogden akasema kila moja lipate sauti yake. Ukifikiri utaona haiwezekani mdomoni, mana unahitaji sauti 850 ambazo sikio lizitenganishe, na mtu mzima wa Kiswahili anatumia kama thalathini na kitu. Kwenye hadithi watu wake wana akili za ajabu kwa hio inapita. Sie hatuna.

Halafu kuna Ithkuil. Hii ni kazi ya mtu mmoja, John Quijada, Mmarekani, alianza miaka ya sabini akaitoa kwenye intaneti 2004, akaibadilisha 2011 na toleo jipya likatoka 2023. Neno moja la Ithkuil linaweza kubeba sentensi nzima ya Kiswahili na bado likaeleza msemaji kajuaje jambo hilo, kaliona kwa macho au kaambiwa. Nimekaa nayo miezi, ni nzuri kama nakshi za mlango wa Mji Mkongwe, kila kipande kimekaa pahala pake. Lakini hakuna anayeisema kwa ufasaha, hata mwenyewe Quijada haisemi. Ufupi wote ule unalipwa na kichwa cha msemaji, anafikiri dakika kadhaa ili atoe neno la sekunde moja.

Upande wa pili kabisa kuna Toki Pona ya Sonja Lang wa Kanada, 2001, maneno kama 120 tu na sauti 14. Watu wengi wanaiita lugha fupi lakini hapo pana tafauti ya kuiangalia vizuri. Kamusi yake ndo fupi, maneno ya mtu yanakuwa marefu. Skuli ni *tomo sona*, nyumba ya maarifa. Barafu hana neno lake, utasema *telo kiwen*, maji magumu, silabi nne na sie tuna tatu. Kwa hio ukiamua neno fupi uulize kwanza, ufupi wa nini? Wa kamusi, wa neno, wa sentensi au wa muda? Wewe shida yako ni nusu dakika ya netiweki, kwa hio pima muda, usihesabu silabi.

Na hili la kusema polepole lina utafiti wake. Mwaka 2019 Christophe Coupé na wenzake walipima lugha 17 (Kiswahili hakimo, nalisikitikia hilo) wakaona kuna lugha kama Kijapani zinazokwenda mbio na silabi zao ni nyepesi, na kuna kama Kivietinamu zinakwenda taratibu na silabi nzito, lakini ukihesabu habari inayopita kwa sekunde zote zinakuja kuzunguka biti 39. Silabi ukiijaza mdomo unapunguza mwendo. Nyinyi wawili kule Pemba mmeligundua kwa daftari na simu ya vocha, mashaallah.

---

Kijana_wa_Wete

Kwa hio haina faida kabisa? Kama lugha zote zinafika pamoja mie najisumbua nini.

---

Lugha_za_Kubuni

Hapana hapana, usivunjike moyo. Zile ni lugha za kusema kila kitu, siasa, mapenzi, maradhi, kila kitu. Wewe na ndugu yako mnasema mambo mangapi? Barafu, samaki wa aina gani, kilo ngapi, lete, usilete, gari saa ngapi, upepo, mafuta, pesa imeingia au bado. Nakisia hayafiki maneno mia tatu, na mengi kati ya hayo mnayasema kila siku. Hapo ndipo pa kufupishia. Kinachosemwa sana kiwe kifupi, kinachosemwa mara moja kwa mwezi kiwe kirefu, hakuna atakayeumia.

Ile Morse, alama za nukta na vistari za simu za zamani, ndivyo ilivyofanywa, herufi E inayotokea sana kwenye Kiingereza ni nukta moja basi, T ni kistari kimoja, na Q iliyo adimu ina alama nne. Kwenye kompyuta David Huffman aliliwekea kanuni mwaka 1952. Na lugha za watu zinalifanya bila kuambiwa, George Zipf alilionesha tangu miaka ya thelathini kwamba maneno yanayotumika sana huwa mafupi. Tizama yetu: na, ya, wa, ni, kwa, la, nywa, fa, ja, pa. Alafu tizama *kusherehekea*, unalisema mara ngapi kwa mwaka?

Tena Kiunguja bado kinaendelea kufupisha hadi leo. Nimekwisha kumpa, silabi saba. Nimeshampa, tano. *Nshampa*, nne, na ukimsikiliza mtu wa Darajani akiwa na haraka ni tatu. Amekuja imekuwa kaja. Hakuna kamati iliyokaa, ni midomo tu inachonga kila siku kile inachokitumia kila siku. Wewe ulipogawa silabi zako kwa mpangilio tu neno *barafu* na neno *harusi* yakapata urefu sawa.

---

Mtembezi_wa_Shangani

Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe na hii mada imenigusa kwa sababu ya waya wa baharini. Waya wa telegrafu ulifika Unguja 1879, zama za Sayyid Barghash, ukitoka Aden na kuendelea mpaka Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo habari ilikuja na meli. Sasa ikawa mfanyabiashara wa karafuu aliyeko Malindi ya hapa Mji Mkongwe anaweza kumuuliza bei mtu wa London, lakini unalipa kwa neno, na neno lilikuwa ghali sana, kwa hio wafanyabiashara duniani kote wakawa wanatumia vitabu vya maneno ya mkato, neno moja limesimama badala ya sentensi nzima. Kwa mfano ungeandika neno moja tu la ovyo na mwenzako akifungua kitabu anakuta maana yake ni "nunua lakini usipite bei uliyopewa". Hio ndio Kifupi yako, ishafanya kazi miaka mingi kweli na pesa nyingi za watu zilipita humo.

Lakini sikiliza kilichomkuta mtu mmoja Marekani, kesi yake ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile na inasomeshwa mpaka leo. Primrose, mfanyabiashara wa sufu wa Philadelphia. Mwaka 1887 alimpelekea wakala wake aliyeko Kansas simu ya maneno ya mkato, ndani yake mna neno *bay*, ambalo kwenye mkato wao lilikuwa na maana "nimenunua". Njiani herufi a ikageuka u, ikafika *buy*, ambayo ni Kiingereza cha kawaida, nunua. Kwenye Morse a ni nukta na kistari, u ni nukta mbili na kistari. Tafauti ni nukta moja tu! Wakala akaanza kununua sufu kwa bidii yote, hasara ikapita dola 20,000. Primrose akashtaki, mwaka 1894 mahakama ikamwambia unalipwa dola moja na senti 15, bei ya ile simu uliyopeleka. Kwa nini? Kwa sababu kampuni ilikuwa na huduma ya kurejewa ujumbe, yaani upande wa pili unaurudisha kwako uthibitishe, na huduma hio unaongeza nusu ya bei, na yeye hakuilipia.

Nimelisimulia hili kwa wageni mara nyingi na kila mara nakumbuka ile nusu ya bei. Wewe yakhe barafu yako magunia mawili ni *bay* na *buy* yako.

Jengine, ujumbe wa telegrafu ulikuwa unatangulizwa na idadi ya maneno yake. Maneno tisa. Anayepokea akihesabu manane anajua kuna moja limeanguka. Hii inaweza kukufaa.

---

Fundi_Bububu

Hilo la kuhesabu ni zuri sana na ni rahisi mdomoni, mie nilikuwa natafuta kitu cha kompyuta kumbe jibu liko kwenye simu za zamani. Kijana, hebu nikupe muundo, nimekaa nao jana usiku.

Kwanza punguza sauti. Baina ya p na b chukua moja, t na d moja, s na z moja, k na g moja, f v th dh zote ziache. Baki na konsonanti kumi ambazo umezijaribu wewe mwenyewe kwa simu na ndugu yako akazipata zote, usiniamini mie.

Pili, kuna tatizo ambalo hujalitaja ila litakuja. Ukiwa na maneno ya silabi moja na mengine ya silabi mbili, msikilizaji atajuaje pa kukata? Ukisema *ku-lo* ni neno moja au mawili? Weka kanuni hii: silabi yenye irabu u haisimami peke yake, kila ikisikika maana yake ngoja, bado silabi nyengine. Zenye a, e, i, o zinafunga neno. Sasa hesabu. Konsonanti kumi na ile nafasi ya irabu tupu ni mianzo 11. Mara irabu nne, maneno 44 ya silabi moja. Silabi za u ni 11, kila moja inafuatiwa na yoyote ya zile 44, maneno 484 ya silabi mbili. Jumla 528 na hayagongani hata moja, msikilizaji hakosi pa kukata hata mkisema mfululizo bila kupumua. Wewe unahitaji mia tatu. Zile mia mbili na ishirini na zaidi zinazobaki usizipe maana. Ziache tupu. Ukisikia moja wapo unajua moja kwa moja kwamba umesikia vibaya, unamwambia rejea.

Tatu, maneno yanayopingana yawe mbali kwa kila kitu, moja silabi moja na jengine silabi mbili, irabu tafauti, konsonanti tafauti. Lete iwe *ti*, usilete iwe *jusha*. Hapo hata kuku anapiga kelele pembeni huwezi kuchanganya.

Nne, mwisho wa kila sentensi taja idadi ya maneno.

---

Bi_Mwalimu_Chake

Wanangu nimewasoma wote, nami nimesomesha Kiswahili miaka mingi na mashairi nayaandika mpaka leo, naomba nami nitie langu.

Kufupisha neno kwetu ni fani ya zamani na ina jina, inaitwa inkisari. Mtunzi ana mizani nane kila kipande, neno limezidi, analipunguza. Nimekuja anaifanya *mekuja*. Likipungua anarefusha, hio ni mazida. Lakini mtunzi hapunguzi ovyo. Anapunguza pale ambapo msomaji ataweza kujaza mwenyewe, kwa sababu kina kinamwambia, beti iliyotangulia inamwambia, jambo lenyewe linalozungumzwa linamwambia. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, ukitaka kukata neno mtizame kwanza msikilizaji wako ana nini mkononi.

Nyinyi mmezungumza sana kuhusu sauti, na ni kweli, lakini ufupi mkubwa kuliko wote uko kwa yule anayesikiliza. Mtu anasimama mlangoni anasema *hodi*. Neno moja, silabi mbili. Ndani yake mna mimi ni mgeni, nipo nje, nimekuja kwa wema, nisingependa kukuta watu hawajajisitiri, naomba ruhusa. Anajibiwa *karibu* na yote yamekwisha. Au mke anamuuliza mume *bado?* naye anajibu *bado*. Mtu wa nje hajui hata wanazungumzia nini. Khanga nayo, maneno matatu manne juu ya pindo la chini, jirani akiiona imevaliwa siku fulani anajua kila kitu tangu mwaka jana. Hakuna hesabu ya silabi itakayoeleza hilo, ni kwa sababu wanaishi pamoja.

Sasa wewe mwanangu na mtoto wa ami yako mmelelewa nyumba moja, mnajua bahari moja. Siku ya *ba* na *pa* kulikuwa na upepo gani? Mwezi ulikuwa umekaaje? Ungejiuliza hayo, ungejua siku kama ile samaki ni taabu, na ungemuuliza mara ya pili. Lugha yenu ilifuta hayo yote ikabakisha silabi.

Na nina suali moja. Kwenye Kifupi, salamu mnasemaje?

---

Kijana_wa_Wete

Shikamoo Bi Mwalimu. Salamu hatukuweka, tuliona inakula muda. Tunaanza na jambo moja kwa moja.

---

Bi_Mwalimu_Chake

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndipo mie nnaposimama. Kwetu simu isiyo na salamu ni simu ya msiba. Mtoto akinipigia akaanza bila ya salamu moyo unaruka kabla hajasema neno. Kwa hio usifikiri umeondoa kitu, umetia kitu chengine kibaya.

Tena nikizingatia aliyoyaeleza Fundi, naona salamu ina kazi ambayo hamjaiona. Mtu akisema assalam alaykum, wewe unajua kitakachosemwa, neno lote unalijua kabla. Kwa hio lile neno hulisikilizi kwa ajili ya maana, unasikiliza *sauti*. Unajua ni nani, anaumwa au mzima, simu inasikika au inakwaruza, nyuma yake kuna bahari au kuna watu. Unapojibu alaykum salaam naye anapata hayohayo kwako. Baada ya hapo sasa semeni la barafu.

---

Fundi_Bububu

Bi Mwalimu Allah akuzidishie. Mashine mbili zinapounganishwa kitu cha kwanza zinachofanya ni kupelekeana alama ambayo zote mbili zinaijua tayari, kila moja ipime njia ikoje, ndio zianze kupeleka habari yenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sijawahi kuilinganisha na salamu.

---

Baharia_mstaafu

Na pole mnasemaje? Mwenzako akirudi mtupu lazima kuwe na pole.

---

Kijana_wa_Wete

Jamani nimerudi, nilikaa kimya siku kumi na mbili mana nilikwenda mwenyewe Makangale na daftari jipya, hili si jambo la kulizungumza kwa simu.

Tulikaa juu ya mchanga jioni mbili. Jaribio la sauti tulilifanya hivi, mie nilisogea hadi mnazini na simu yeye kabaki karibu na ngalawa, nikawa namsomea silabi yeye anaandika. F ilianguka mara moja, z ikaanguka. Kilichonishangaza ni m na n, tulidhani ziko mbali lakini kwa simu zilichanganyika mara nyingi, tukaitoa n tukaweka ny. Tumebaki na m, t, k, b, l, w, y, j, sh, ny. Kumi kamili kama alivosema Fundi.

Maneno tuliyahesabu kwa kukumbuka tulichoambiana mwezi mzima, tukapata 287. Zile silabi moja 44 tumewapa yale ya kila siku, lete, gari, kilo, nambari, leo, kesho, upepo, pesa, na majina ya samaki wanaotoka sana tu. Kolekole na jodari wamepata silabi mbili, na harusi imepata mbili pia. Barafu ni *kulo*, mwanzo nilitaka iwe silabi moja lakini mwenyewe mtoto wa ami kakataa, anasema ile barafu imeshatugharimu ipewe neno lenye nguvu.

Ngeli hatukuzirudisha zote, lakini tumeweka kitu. Tukitaja kiasi cha samaki tunarejea aina ya samaki mara ya pili baada ya nambari. Ni silabi moja au mbili zaidi, ndo ile nusu ya bei.

Salamu ni *wa*, jibu *we*. Pole ni *yo*, silabi moja. Wenziwe wa dago walikuwa wanatusikiliza na sasa wawili wao wameshajua maneno hamsini na kitu, mmoja ananiuliza mbona hakuna neno la nyumbani, nikamwambia hatukulitumia mwezi ule, kasema mie nalitumia. Limekuwa la 288.

Leo alfajiri ndio mara ya kwanza tumeitumia kwa kazi. Netiweki ilikuwa mbovu. Kanipigia, *wa*. Nikamjibu *we*. Nikasikia upepo mkali nyuma yake, na sauti yake imekauka kama mtu aliyekesha. Kasema *jusha kulo, li*. Usilete barafu, maneno mawili. Nikamwambia *yo*. Kanyamaza kidogo, kisha kakata.